Jinsi ya Kupima Kiwango cha Kuyeyuka cha Kampaundi Ogania Bila Kujidanganya

Maswali ni yale yale kila siku. "Mbona yangu imeyeyuka kwenye 118 na kitabu kinasema 122?" "Niandike namba ipi, ya mwanzo au ya mwisho?" "Unga umesinyaa, je, ndiyo umeshaanza kuyeyuka?" Kuyajibu moja moja kunachosha, kwa hiyo majibu yote nimeyaweka hapa kwa mpangilio wa kazi yenyewe. Ukifuata hatua hizi utapata kipimo unachoweza kukitetea mbele ya yeyote.

Nianze na la msingi: kinachoharibu kipimo hiki mara nyingi zaidi ni papara. Kifaa cha bei nafuu au cha kizamani kitakupa jibu zuri ukikipa muda. Mashine mpya ya umeme itakupa jibu bovu ukiipandisha joto mbio mbio.

Nadharia kidogo tu

Kampaundi ogania (kemikali iliyojengwa kwa kaboni) ikiwa safi huyeyuka ndani ya upana mdogo wa joto, kwa kawaida nyuzi moja ya Selsiasi, au mbili zikizidi sana. Ikichanganyika na kitu kingine kinachoweza kuyeyuka ndani yake, mambo mawili hutokea kwa pamoja: kiwango hushuka, na upana huongezeka. Ndiyo maana kipimo hiki kinakupa habari mbili, utambulisho wa kitu na usafi wake. Na ndiyo maana jibu lake huwa namba mbili, ya joto kuyeyuka kulipoanza na ya joto kulipoisha. Anayeandika namba moja ametupa nusu ya kazi yake.

Mengine utayaelewa tukiwa njiani.

Unachohitaji

- Sampuli kavu. Kiasi kinachokaa kwenye ncha ya kijiko kidogo cha maabara kinatosha kwa mirija kadhaa.
- Mirija ya kapilari ya kioo, yenye kipenyo cha ndani cha milimita 1 hivi na urefu wa sentimita 8 hadi 10.
- Neli ya Thiele yenye mafuta, au mashine ya umeme ya kupimia kiwango cha kuyeyuka.
- Kipimajoto kinachofika juu zaidi ya kiwango unachotarajia, chenye alama za nyuzi moja moja.
- Kichomeo cha gesi, stendi na kibanio, kwa wanaotumia neli.
- Kizibo chenye tundu la kipimajoto na mkato pembeni wa kupitishia hewa.
- Kipande chembamba cha mpira cha kufungia kapilari kwenye kipimajoto.
- Neli ndefu ya kioo, kama sentimita 60 au zaidi, iliyo wazi pande zote mbili.
- Kinu kidogo na mchi wake, au kisahani cha kioo na kitu bapa cha kusagia.
- Lenzi ya kukuzia, kama unayo. Miwani ya usalama, uwe nayo au usianze.

Neli ya Thiele ni ile yenye mkono wa pembeni uliopinda, inayofanana na herufi b. Jina ni la mkemia Mjerumani Johannes Thiele, aliyeieleza mwaka 1907, na mpaka leo sijaona sababu ya kuidharau. Ukipasha ule mkono, mafuta yaliyopata moto hupanda na ya baridi hushuka kuchukua nafasi yake, kwa hiyo yanajikoroga yenyewe bila msaada wako.

Kuhusu mafuta: mafuta ya madini ya kawaida yanatosha mpaka karibu nyuzi 200. Zaidi ya hapo tumia mafuta ya silikoni au mashine ya umeme. Mafuta yakianza kutoa moshi, hapo ndipo mwisho wake, hata kama sampuli yako bado imekaa imara kama haijaguswa.

Tahadhari kabla ya kuwasha moto

Mafuta yenye nyuzi 150 yakikudondokea hayafutiki haraka kama maji. Yanaganda kwenye ngozi na kuendelea kuunguza. Kagua mafuta yako kwanza. Ukiona matone yaliyotulia chini au ukungu ndani yake, kuna maji, na maji hayo yatachemka na kurusha mafuta nje. Yamwage mahali pake, weka mapya.

Neli isizibwe kabisa. Hewa ikipanuka bila njia ya kutokea, kizibo kitaruka au kioo kitapasuka. Ule mkato wa pembeni kwenye kizibo una kazi hiyo.

Na kama hujui kitu ulichonacho, au unajua kina peroksidi, azidi, au vikundi vingi vya nitro, usikipashe moto hata kidogo bila kumuuliza anayejua. Baadhi hulipuka kabla ya kuyeyuka.

Hatua kwa hatua

1. Kausha sampuli. Hatua hii ndiyo inayorukwa zaidi, na ndiyo inayoleta malalamiko mengi zaidi. Kiyeyushi (kimiminiko ulichoyeyushia kitu, kama ethanoli) kilichobaki baada ya kusafisha fuwele ni uchafu kama uchafu mwingine: kinashusha kiwango na kupanua upana. Tandaza fuwele kwenye kisahani, ziache zikauke vizuri, au zitie kwenye chombo cha kukaushia chenye kemikali ya kunyonya unyevu. Kama bado zinanukia ethanoli, hazijakauka.

2. Saga. Unga uwe laini kama poda ya mtoto. Chembe kubwa huacha nafasi za hewa ndani ya mrija, joto halisambai sawasawa, na utaona upande mmoja ukiyeyuka huku mwingine ukisubiri zamu.

3. Ziba mrija ncha moja, kama haukuja umezibwa. Uinamishe, ncha yake iguse ukingo tu wa mwali, na uuzungushe kwa vidole taratibu. Sekunde chache zinatosha. Ukiuweka katikati ya mwali utapata donge la kioo au mrija uliopinda. Tazama ncha kwa lenzi: kama kuna kitundu, mafuta yataingia na kila kitu kitaharibika katikati ya kipimo.

4. Jaza. Ukishapoa, gandamiza mdomo wa mrija kwenye unga mara kadhaa, kisha ugeuze. Gonga ncha iliyozibwa juu ya meza polepole ili unga ushuke. Halafu simamisha ile neli ndefu juu ya meza ngumu na udondoshe mrija ndani yake, ncha iliyozibwa ikitangulia chini. Udondoshe mara nne au tano, unga utashikana vizuri. Wanaojaribu kusukuma unga kwa waya huvunja mirija mingi kuliko wanayoijaza.

5. Pima urefu wa unga: milimita 2 hadi 3, basi. Kila anayeanza hujaza sentimita nzima akidhani ataona vizuri zaidi. Unga mwingi unahitaji joto jingi na muda mrefu kuyeyuka wote, na muda huo kipimajoto hakikusubiri. Umejipandishia upana mwenyewe. Jaza mirija mitatu kwa mkupuo, utaihitaji yote.

6. Funga mrija kwenye kipimajoto kwa ule mpira, unga ukae ubavuni mwa balbu, katikati yake. Mpira ubaki juu kabisa, mbali na mafuta, na ukumbuke mafuta hupanda yakipata moto. Mpira ukizama kwenye mafuta ya moto hulegea, na mrija huenda zake chini.

7. Weka kipimajoto ndani ya neli. Mafuta yafunike kidogo tu tundu la juu la mkono wa pembeni. Balbu ikae karibu na tundu hilo la juu, bila kugusa ukuta wa kioo. Hakikisha alama za nyuzi zinasomeka na kizibo hakizifuniki pale pale unapozihitaji. Linaonekana dogo, lakini waulize walioshindwa kusoma walipofika nyuzi 120.

8. Mrija wa kwanza ni wa kubahatisha. Kama hujui kiwango cha sampuli yako, pandisha joto haraka, nyuzi 10 kwa dakika hivi, uone inayeyukia wapi kwa kukadiria. Namba hiyo usiiandike kama jibu. Inakuonyesha tu wapi pa kupunguza mwendo. Kama kiwango unakijua tayari, ruka hatua hii.

9. Acha mafuta yapoe mpaka nyuzi 20 chini ya ulipoona, kisha weka mrija wa pili. Usiupashe tena ule wa kwanza. Kilichoyeyuka kinaweza kuwa kimeharibika, au kikaganda katika umbo jingine la fuwele lenye kiwango tofauti.

10. Sasa pandisha taratibu: nyuzi 1 kwa dakika, 2 zikizidi sana. Sogeza kichomeo chini ya mkono wa neli na ukiondoe, ukisogeze tena na ukiondoe. Tumia saa, usikadirie kwa hisia. Kwa asidi benzoiki, inayoyeyuka kwenye nyuzi 122, unaweza kwenda haraka mpaka 105, kisha ukatulia.

11. Tazama unga, usitazame kipimajoto. Kitupie jicho pale tu jambo linapotokea. Hatua hii nitaieleza kwa kirefu hapa chini, maana ndipo watu wanapopotea.

12. Andika joto la tone la kwanza na joto la fuwele ya mwisho kutoweka. Kisha rudia kwa mrija wa tatu. Vipimo viwili vya polepole vikitofautiana kwa zaidi ya nyuzi moja, fanya cha tatu.

Unachokiona ndani ya mrija

Mambo hayaanzi na kuyeyuka. Nyuzi chache kabla, unga unaweza kujivuta kutoka kwenye kuta za kioo, ukawa kinguzo chembamba kilichosimama peke yake. Huko ni kusinyaa. Bado hapajayeyuka kitu, na ukiandika joto hilo umeandika uongo. Kisha pembeni huonekana kama pametokwa jasho, unga unang'aa lakini haujasogea. Subiri.

Halafu litatokea tone: kimiminiko halisi, kinachoonekana kikikusanyika kwenye ukuta wa kioo au kwenye kona ya chini. Soma hapo. Hiyo ndiyo namba ya kwanza. Baada ya hapo kinguzo huanguka chenyewe, fuwele zinaelea ndani ya kimiminiko kama chembe zenye kivuli, zinapungua, inabaki moja, nayo inatoweka. Uso wa juu wa kimiminiko unakuwa umejipinda na ndani panaonekana wazi kabisa kama maji. Soma tena. Hiyo ni namba ya pili.

Andika hivi: 121.5–122.5. Usitafute wastani. Ongeza mwendo uliotumia kupandisha joto na kiyeyushi ulichosafishia fuwele, maana miezi miwili baadaye hutakumbuka. Ukiona rangi ikigeuka kahawia au mapovu yakitoka wakati wa kuyeyuka, andika kwamba imevunjika kwa joto, na joto lenyewe. Aspirini ni ya namna hii: huyeyuka karibu na nyuzi 135, lakini huanza kuharibika inapokaa kwenye moto, kwa hiyo anayeipasha taratibu mno kuanzia mbali hupata namba ya chini. Kwa vitu kama hivyo, ingiza mrija mafuta yakiwa tayari yamefika nyuzi 10 hivi chini ya kiwango.

Kwa nini mwendo una uzito hivi? Piga hesabu. Unga wako unahitaji, tuseme, nusu dakika kuyeyuka wote. Ukipandisha nyuzi 10 kwa dakika, katika nusu dakika hiyo kipimajoto kimepanda nyuzi 5. Utaandika upana wa nyuzi 5 kwa kitu kilicho safi kabisa, kisha utakwenda kukisafisha upya bila sababu, na fuwele zako nyingi zitapotelea humo. Kwa nyuzi 1 kwa dakika, upana ule ule ni nusu nyuzi.

Kukagua kipimajoto

Kipimajoto nacho kinaweza kusema uongo, hasa cha zamani. Pima vitu safi unavyovijua na ulinganishe: naftalini nyuzi 80, asetanilidi 114, asidi benzoiki 122, yurea 133, asidi salisiliki 159. Kama chako kinasoma asidi benzoiki 120 na salisiliki 156, umeshajua kimepungukiwa kiasi gani na wapi. Chora mstari wa masahihisho, uubandike ukutani karibu na kifaa. Mashine ya umeme nayo inahitaji kukaguliwa hivi hivi. Namba zinazowaka kwa taa si ushahidi wa usahihi.

Pale namba peke yake haitoshi

Kampaundi nyingi sana zinagongana viwango. Yurea na asidi sinamiki zote huyeyuka karibu na nyuzi 133, na ni vitu viwili visivyohusiana. Ukipata 132–133, utajuaje ni ipi?

Changanya. Chukua sampuli yako na kiasi sawa cha asidi sinamiki unayoijua, saga pamoja mpaka vichanganyike kabisa, jaza mrija. Kama sampuli ni asidi sinamiki kweli, mchanganyiko utayeyuka pale pale, 133. Kama ni yurea, mchanganyiko utaanza kuyeyuka chini sana ya hapo na kuchukua upana mkubwa. Weka mirija mitatu kwa pamoja kwenye kipimajoto kimoja, sampuli, kielelezo na mchanganyiko, na jibu litajionyesha bila mabishano: kama ni kitu kimoja, mitatu huyeyuka kwa pamoja.

Angalizo moja: kuna uwiano maalumu ambapo mchanganyiko wa vitu viwili huyeyuka kwa upana mdogo kana kwamba ni kitu safi. Hutokea mara chache. Ukiwa na shaka, jaribu kwa uwiano mwingine, mfano sehemu moja kwa nne.

Mambo yakienda kombo

*Kiwango kiko chini na upana ni mkubwa.* Anza na unyevu, kausha tena na upime tena. Kama haijabadilika, basi kuna uchafu. Safisha fuwele upya. Usifanye kinyume, maana kukausha ni bure na kusafisha kunakula sampuli.

*Upana ni mkubwa lakini kiwango cha mwisho kiko juu ya cha kitabu.* Karibu kila mara umepandisha haraka mno, au umejaza unga mwingi. Uchafu wa kawaida hushusha, haupandishi. Ukiona vipimo vyako vyote viko juu kwa kiasi kinacholingana, shuku kipimajoto.

*Imeyeyuka lakini kimiminiko hakiwi wazi kama maji, kuna chembe ndani.* Hizo ni za kitu kisichoyeyuka humo: chumvi ya kukaushia iliyoponyoka kwenye chujio, nyuzi za karatasi, vumbi la kioo. Uchafu wa namna hii haushushi kiwango, kwa hiyo unaweza kupata namba nzuri na bado sampuli ikawa chafu. Yeyusha kwenye kiyeyushi, chuja, fuwelisha tena.

*Unga unapungua lakini sioni kimiminiko.* Tazama sehemu ya juu ya mrija. Ukikuta fuwele mpya zimeganda huko, kitu chako kinageuka mvuke bila kupitia hali ya kimiminiko. Kafeini na kampa (kafuri) hufanya hivyo. Ziba mrija pande zote mbili na uuzamishe wote kwenye mafuta ili pasibaki sehemu ya baridi ya kukimbilia.

*Imeyeyuka mara mbili.* Imeyeyuka, ikaganda, ikayeyuka tena juu zaidi. Huenda fuwele zilikuwa zimeshika maji ndani yake, zikayaachia, kisha kitu kikavu kikayeyuka kwa kiwango chake. Asidi oksaliki yenye maji huyeyuka karibu na 101, isiyo na maji karibu na 190. Au kampaundi yako ina maumbo mawili ya fuwele. Andika vyote viwili.

*Imegeuka nyeusi bila kuyeyuka.* Imeungua. Jaribu kuingiza mrija mpya mafuta yakiwa karibu na joto lile. Kama inaungua vile vile, basi haina kiwango cha kuyeyuka cha kupimika kwa njia hii, na hilo nalo ni jibu la kuandika.

*Mafuta yameingia kwenye mrija.* Ncha haikuzibwa sawasawa. Tupa, anza na mwingine.

*Joto limegoma kupanda.* Mafuta hayafiki kwenye tundu la juu la mkono, kwa hiyo hayazunguki. Zima moto, acha yapoe, ongeza kidogo. Usiongeze yakiwa ya moto.

*Kipimajoto kimevunjika ndani ya mafuta.* Zima gesi, ondoka karibu, fungua madirisha. Kama kilikuwa cha zebaki, mvuke wake ni sumu, na kwenye mafuta ya moto unatoka kwa wingi. Mwite msimamizi wa maabara. Usikusanye kwa mkono wala kwa ufagio.

Ukimaliza, acha neli ipoe yenyewe kwenye stendi, ikiwa wima. Usiipeleke kwenye bomba ingali ya moto, itapasuka, na tone la maji likibaki ndani yake litakusubiri kipimo kijacho. Mirija iliyotumika ina ncha kali na mabaki ya kemikali: itie kwenye chombo cha vioo vilivyovunjika, kamwe isiende kwenye sinki.